Majibu ya damu yetu yarudi kijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, na ambalo msimu huu wa mahafali umelichokonoa upya. Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapotunuku shahada, magazeti hujaa pongezi kwa waliohitimu shahada ya uzamivu, na miongoni mwao hawakosekani waliobobea katika epidemiolojia na afya ya jamii, yaani elimu ya kujua ugonjwa unampata nani, wapi, lini, kwa kiasi gani na kwa sababu ipi. Nawapongeza kwa dhati, kwa kuwa naijua kazi wanayoifanya. Swali langu ni moja: wale watu ambao damu yao, makohozi yao, choo chao na majibu yao ya dodoso ndivyo vilivyojaza tasnifu za wahitimu hao, yaani maandiko ya utafiti yaliyowapa shahada, wameambiwa nini baada ya hapo?

Mimi ni afisa tabibu mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika zahanati za vijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga, na bila kutia chumvi, mkoa huu umechunguzwa kuliko sehemu nyingi za nchi yetu. Pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, malaria imekuwa ikitafitiwa tangu enzi za mkoloni. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina vituo mkoani kwetu. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa sehemu 11 katika nchi 7 za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, majaribio yaliyohusisha watoto 15,459. Katika mazingira hayo wanafunzi wa uzamivu, wa hapa nyumbani na wa kutoka ng'ambo, wamepita kwetu mwaka nenda mwaka rudi. Nimewapokea, nimewatafutia vijana wa kudodosa, nimewapeleka kwa wenyeviti wa vitongoji, na wengine wamekula ugali kwangu.

Nianze na damu ya usiku, maana hapo ndipo deni hili linapoonekana vizuri. Minyoo inayosababisha matende na mabusha ina tabia yake: vijidudu vyake vichanga hujificha mchana katika mishipa midogo ya mapafu, kisha hutoka na kuzunguka katika damu usiku, zaidi kati ya saa nne na saa nane. Siku hizi kuna vipimo vya antijeni, yaani vya kutambua chembechembe za minyoo hiyo katika damu, vinavyoweza kufanyika hata mchana, lakini wakati wetu mtafiti aliyetaka kujua ni watu wangapi wanao vijidudu hivyo hakuwa na njia nyingine ila kubisha hodi watu wamelala. Msomaji aliyekulia pwani atanielewa nikisema kwamba sisi tulitishwa utotoni kwa habari za mumiani, yule anayewavizia watu gizani awanyonye damu akaiuze. Sasa gari linasimama saa tano usiku, wanashuka watu wenye tochi, glavu na sindano, wanaomba damu. Waliofungua milango hawakufanya hivyo kwa sababu walielewa fomu waliyosomewa. Walifungua kwa sababu waliniona mimi, tabibu wa zahanati yao, nimesimama nyuma ya yule mwanafunzi. Dhamana ilikuwa sura yangu.

Mwaka uliofuata mama mmoja aliyeleta mjukuu kliniki aliniuliza, "Dokta, ile damu yetu ya usiku ilisemaje?" Nikamjibu kwamba bado wanaichambua. Mwaka wa pili aliniuliza tena, nikamjibu vilevile. Mwaka wa tatu hakuuliza. Alinitazama tu akacheka, na kile kicheko kilinikera kuliko swali. Baadaye sana, nikiwa mjini kwa shughuli nyingine, niliiona tasnifu yenyewe mezani ofisini kwa mtu. Kijiji chetu kilikuwa nukta kwenye ramani, zahanati yetu imeshukuriwa katika ukurasa wa shukrani, na makala nne zilikuwa zimekwisha kutoka katika majarida ya nje. Mwanafunzi alikuwa amehitimu tangu mwaka wa pili, ule mwaka niliokuwa bado ninasema wanaichambua.

Simlaumu kijana yule peke yake, na kwa hakika hakuvunja kanuni yoyote. Tazama jinsi mtafiti anavyoingia kijijini. Anapata kibali cha maadili kutoka NIMR, na kama ametoka nje ya nchi anapata pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Anapeleka barua mkoani, mkoa unaandika barua kwenda wilayani, wilaya inaandika kwa mtendaji wa kata, kata inaandika kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji anamwita mwenyekiti wa kitongoji. Kila ngazi inagonga muhuri. Kibali chenyewe kina masharti mazuri: taarifa ya maendeleo ipelekwe wizarani, NIMR, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya kila baada ya miezi sita, kibali cha kuchapisha kiombwe, nakala za machapisho ziwasilishwe. Lakini angalia masharti hayo yanakoishia. Yanaishia wilayani. Barua za kuingia zilishuka hadi kitongojini. Majibu yanapanda kwenda juu, na yakishapanda hayashuki tena.

Wala si kwamba dunia haijaliona jambo hili. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo kila mwanafunzi wa uzamivu hulitaja katika sura ya mbinu za utafiti kama anayepiga bismillahi, linasema tangu toleo lake la mwaka 2013 kwamba washiriki wote wa utafiti wa kitabibu wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake ya jumla. Azimio linatajwa, kamati inaridhika, na mshiriki haulizwi kamwe kama angependa kujulishwa.

Huenda wapo watakaosema kwamba mwanakijiji hana la kufanya na matokeo ya kitaalamu. Nami nijibu kwa mfano unaonihusu, ingawa wenyewe haukuwa wa tasnifu ya uzamivu. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani huku kwetu. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa kudhaniwa kuwa wana malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, ni wagonjwa 2,062 tu, asilimia 46, waliokutwa na vimelea. Zaidi ya nusu walikuwa wakiugua kitu kingine, na hao ndio waliokufa zaidi: asilimia 12 hivi, wakati waliokuwa na malaria kweli walikufa asilimia 7 hivi. Mimi wakati huo nilikuwa nikiandika "malaria" katika daftari la wagonjwa karibu kila homa iliyoingia mlangoni. Mtoto akipumua haraka haraka, akiwa na joto, nilimwona ni wa malaria, na kama nilimpa rufaa, nilimpa rufaa ya malaria. Utafiti huo niliusikia kwa mara ya kwanza miaka kadhaa baadaye, kwenye semina ya kufundishwa matumizi ya kipimo cha haraka cha malaria, tena kwa sentensi moja ya mwezeshaji. Huwa nahesabu miaka ile kichwani, nami naiacha hesabu hiyo njiani kwa kuwa sipendi inakoelekea. Karatasi mbili za Kiswahili zilizobandikwa ukutani mwa zahanati zingetosha kunifanya nimkague kifua yule mtoto.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao walimu wa vyuo vikuu, nadhani, hawautilii maanani: kurudisha matokeo kijijini kunaisaidia sayansi yenyewe. Mwanafunzi mmoja kutoka nje, mtu makini na mnyenyekevu, alifanya utafiti juu ya saa ambazo watu huingia ndani ya vyandarua, kwa kuwa mbu aina ya anofelesi, wale waenezao malaria, huuma zaidi usiku na kila saa mtu anayokaa nje ya chandarua ina uzito wake. Kabla hajaandika sura yake ya matokeo, kwa hiari yake alirudi kijijini kutuonyesha michoro. Mchoro ulidai kwamba kundi kubwa la wanakijiji wetu huingia kitandani saa tisa usiku. Mkutano mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja akauliza kama mtafiti alikuwa akihesabu wanakijiji au wachawi. Kumbe wadodosaji waliandika "saa 3 usiku" kama walivyojibiwa, na aliyeingiza takwimu kwenye kompyuta aliisoma kwa saa ya Kizungu, ikawa saa tisa alfajiri. Kosa lilisahihishwa. Nimejiuliza mara nyingi ni makosa mangapi ya namna hiyo yamo katika tasnifu ambazo hazikurudi kuchekwa.

Hili la lugha ni kubwa kuliko saa. Neno "homa" kwa mdodosaji ni joto la mwili, kwa mama aliyeketi mkekani ni malaria, na kwa mwingine ni ugonjwa wowote unaomlaza mtu. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waligundua kwamba wazazi wengi waliiona degedege kuwa ugonjwa tofauti kabisa na malaria, wenye asili ya pepo, wa kutibiwa kwanza kwa mganga wa jadi, na kwamba kumdunga sindano mtoto mwenye degedege ni kumuua. Aliyeuliza juu ya "malaria kali" hangeyapata hayo hata angedodosa kaya elfu. Ama maneno ya kitaalamu tuliyoyatafsiri wenyewe, mengine yanatuumbua. Mshiriki akiambiwa kwamba amechaguliwa kwa "bahati nasibu" anasubiri zawadi. Akiambiwa kwamba kundi moja litapewa "dawa bandia", yaani kidonge kisicho na dawa ndani kwa ajili ya kulinganisha, anakumbuka zile dawa za kughushi zinazokamatwa madukani, naye ana haki ya kuondoka. Maneno haya hayawezi kusahihishwa na mtu aliye peke yake na kamusi maktabani. Yanasahihishwa na watu wanaoyasikia, katika mkutano ambao mtafiti anazungumza na wao wanamjibu.

Nisije nikaeleweka kwamba naudharau utafiti wa uzamivu. Wanaokumbuka mradi wa KINET katika bonde la Kilombero na Ulanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanajua utafiti wa namna hii unavyoweza kufika mbali. Vyandarua vyenye viuatilifu viliuzwa vijijini kwa jina la "Zuia Mbu", jina lisilohitaji kuelezwa kwa mtu yeyote, huku kaya za vijiji hivyo zikifuatiliwa vizazi na vifo vyake kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kutumia vyandarua hivyo kulihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wao. Watanzania walijipatia shahada za uzamivu kwa takwimu za mradi huo, na hakuna aliyewanung'unikia, kwa kuwa kilichogunduliwa kilionekana kimetundikwa juu ya vitanda vya wale wale waliohojiwa. Huko Kilifi, Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989 kimejiwekea wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao kupeleka maswali na kuleta majibu. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haiwezekani.

Naambiwa pia kwamba tasnifu moja ni kitu kidogo, kwamba matokeo yake yanaweza kupingwa kesho, na kuyatangaza vijijini ni kuwachanganya watu. Hoja hii ina ukweli fulani. Mwaka 1995 utafiti wa Mwanza ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Miaka minne baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, uliotumia njia ya kuwapa dawa watu wote kwa mpigo, haukuona punguzo hilo. Wataalamu wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa muda mrefu. Lakini mkulima anayepanda mbegu moja katika mashamba mawili na kuvuna tofauti hashindwi kuelewa kwamba udongo na mvua navyo vina sehemu yao. Aambiwe hivyo. Hata jibu la "hatukuona tofauti" ni jibu, na mara nyingi ndilo linalozikwa kwa kuwa majarida hayalipendi.

Hoja inayonishangaza zaidi ni ile ya kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kueleza mambo haya. Fomu ya ridhaa iliandikwa kwa Kiswahili, na kamati ya maadili isingeipitisha bila hivyo. Dodoso lenye kurasa 20 liliandikwa kwa Kiswahili. Lugha iliyotosha kuomba damu imepungukiwa nini inapofika zamu ya kutoa majibu?

Ninachopendekeza si kuandika tasnifu nzima upya. Kamati za shahada za juu katika vyuo vyetu, na kamati za maadili zinazotoa vibali Bara na Zanzibar, ziweke sharti kwamba mwanafunzi yeyote wa uzamivu aliyekusanya takwimu au sampuli kwa wanakijiji au wagonjwa wetu aandike muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa nne, aupeleke katika kila zahanati na ofisi ya kijiji alikofanyia kazi, na ausome yeye mwenyewe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji aandike mahudhurio na maswali yaliyoulizwa, agonge muhuri, na karatasi hiyo iambatishwe kwenye tasnifu kabla ya siku ya mwanafunzi kuitetea mbele ya watahini. Ikiwa kijiji kilitakiwa kugonga muhuri wa kuingia, kigonge na wa kupokea majibu. Ninazungumzia matokeo ya jumla tu. Majibu ya mtu mmoja mmoja, hasa ya Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, ni siri yake na yana taratibu zake za kumfikia papo kwa papo pamoja na tiba, wala hayangoji tasnifu.

Gharama ya jambo hili ni nauli, siku mbili tatu za kulala wageni na rimu moja ya karatasi. Katika bajeti ambayo tayari ina tiketi ya ndege ya kwenda kuwasilisha matokeo hayo hayo kwenye kongamano ng'ambo, sioni aibu kuomba kiasi hicho. Wasimamizi wa tasnifu ndio wenye funguo, kwa kuwa mwanafunzi hufanya anachoulizwa na msimamizi wake. Wengi wao walikuwa wanafunzi niliowapokea mimi, au waliopokewa na tabibu mwingine kama mimi, na bado wanayakumbuka majina ya vijiji vile.

Kwa mwanafunzi yeyote atakayesoma barua hii akiwa na tasnifu iliyokwisha kufungwa kwa jalada gumu na inayomkumbusha deni lake, napenda kumjulisha kwamba hajachelewa. Zahanati ya kwetu haina kliniki ya watoto siku ya Jumamosi, mabenchi yapo, mwembe wa nje una kivuli cha kutosha hadi saa nane mchana, na yule mama wa damu ya usiku bado yu hai.

Afisa tabibu mstaafu,
Muheza, Tanga.